Usimmalizie Neno

Asembo Bay,
12 Mei 2025

Mpendwa Walter, mtoto wa ndugu yangu,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri, ng'ombe wa jirani ameingia tena kwenye sukumawiki yangu, na mguu wangu wa kushoto bado unatabiri baridi kuliko redio. Mama yake Awuor alipiga simu kutoka Nairobi, anasema kazi ipo na tusiwe na wasiwasi. Lornah hajambo? Kwenye salamu zako za Pasaka sikuona jina la mke wako.

Nakuandikia kwa karatasi, na Mathews wa pikapu ya samaki ndiye atakayekuletea, kwa hiyo usishangae barua ikinuka omena. Ile simu uliyotutumia, mwenye kuisoma ni Awuor. Siwezi kumsema mtu kwenye kitu ambacho amekishika mwenyewe. Na kabla sijasahau, juu ya boksi uliandika "kuna kitu ingine ndani." Kitu kingine, Walter. Nilikufundisha hiyo darasa la nne mpaka ukalia, na bado.

Hicho kitu kingine ndicho kilichonikalisha niandike. Dadu! Za rangi rangi, na moja ina pande nyingi mpaka inakaribia kuwa mpira. Hapa kijijini vijana wanauza hata viatu vya baba zao ili wabashiri mechi, nawe unamletea msichana wa miaka kumi na mitano simu na kamari katika mfuko mmoja? Mimi ni mwenyekiti wa Muungano wa Akina Mama. Nitasema nini kwa wenzangu?

Kisha Jumamosi namsikia nyuma ya jiko, pale mtandao unaposhika, anatangaza kwamba mamba ameuawa na mali yake igawanywe. Nilitoka na mwiko.

Hali ya mjukuu wangu unaijua. Kigugumizi kinamshika popote, lakini akiulizwa jina lake ndipo kinafunga mlango na kumeza ufunguo. Mwezi wa Novemba askofu anakuja kutoa kipaimara, na huyu askofu wetu hupenda kumuuliza kila mtoto jina, kwa sauti, mbele ya kanisa zima. Nimeshapatana na kasisi kwamba nitasimama naye nimjibie. Awuor alipoambiwa alichukua mtungi akaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Nilikubali hilo darasa lako kwa sababu ulisema litamsaidia kuzungumza. Sikukubali apigane na mamba. Nieleze.

Shangazi yako,
Beldina


Nyamasaria,
20 Mei 2025

Kwa Waya Beldina, shangazi yangu,

Salamu nyingi. Barua ilinuka omena, na nilifurahi, maana harufu hiyo ndiyo likizo zangu zote za utotoni. Huku Nyamasaria ni vumbi asubuhi na matope jioni. Kazi ya kutengeneza kompyuta inaendelea. Lornah yuko kwao Ahero kwa muda.

Kitu kingine. Kitu kingine. Kitu kingine. Nimeandika mara tatu, niruhusu nikae.

Waya, si kamari. Hakuna anayeweka kitu wala anayebeba kitu. Ni hadithi, ila inasimuliwa na watu wengi kwa pamoja. Mimi ndiye msimulizi. Nasema, kwa mfano, "mmefika kwenye kisiwa cha magugu maji kinachotembea, na mbele yenu kuna mamba." Kila mtoto ametunga mtu wake ndani ya hadithi, na anasema mtu huyo anafanya nini. Dadu inaamua tu kama jambo limefaulu au limeharibika. Hata wewe unajua kwamba ukimpiga mamba kwa mwiko si lazima umpate.

Wako wanne. Huzaifa wa hapa mjini haoni. Dadu zake zimetobolewa nukta, anazisoma kwa kidole, na wenzake wanamwamini. Safa hasikii, maneno yetu yanaandikwa kwenye skrini yake, naye anaandika yake nayasoma kwa sauti. Ochieng wa Obunga mikono yake hutetemeka na hukaa kwenye kiti cha magurudumu, lakini katika hadithi ameamua kuwa mchawi mzembe anayelala ovyo. Na Awuor wenu. Hakuna shule niliyoiona ambapo hao wanne wangekaa dawati moja.

Tuna sheria moja tu, na waliitunga wao: usimmalizie mtu neno lake. Likikwama, likichelewa, likija kwa kuandikwa, tunangoja. Anayelimalizia, hadithi inageuka dhidi yetu sote.

Mtu aliyetungwa na Awuor sikuambii ni nani. Kaa karibu na jiko usikilize mwenyewe. Ila weka mwiko chini.

Mtoto wako,
Walter


Asembo Bay,
18 Juni 2025

Mpendwa Walter,

Tumshukuru Mungu, wote ni wazima, isipokuwa jogoo ambaye tulimla wageni walipokuja. Mathews alikuwa na pikapu mbovu, ndiyo maana jibu limekawia. Umesema Lornah yuko kwao "kwa muda." Muda gani? Nina macho, Walter, hata kwenye barua. Najua mmekosana. Mwanamume akimkosea mke wake huandika sentensi fupi. Nenda Ahero ukaombe msamaha, na ubebe sukari.

Sasa nikwambie nilichosikia.

Jumamosi nilikaa jikoni nikijifanya nachagua mchele. Nikasikia sauti ya bibi kizee inamgombeza mtu nyuma ya ukuta. Nikadhani tumepata mgeni. Sauti inasema, "Wewe mamba, kaa wima. Funga mdomo ukitafuna. Nani alikuruhusu kutoka majini bila kupangusa miguu? Rudi uingie tena kama mtu mwenye adabu." Maneno yanatiririka kama maji ya bomba jipya. Hakuna kukwama hata mahali pamoja.

Ilinichukua dakika nzima kujua kwamba sauti ile ni yangu.

Walter, huyo mtoto amenichukua mzima mzima. Nywele nyeupe, bakora, mguu wa kushoto, yote. Ananiita "Mwalimu Mkuu wa Mamba." Nilikasirika, sitakuficha. Nilijiuliza kama mimi ndivyo nisikikavyo kwa watu. Kisha mamba akaomba radhi, wenzake wakacheka mpaka simu ikakwaruza, na yeye akacheka nao, na mimi nikagundua kwamba nimechanganya mchele safi na mawe.

Miaka yote hii nimemsikia akivuta maneno mmoja mmoja kama mtu anayetoa miba. Kumbe sauti yangu inapita pale ambapo yake haipiti. Nimelia kidogo. Usimwambie.

Sijabadilisha mpango wa kanisani. Kule hakuna mamba, kuna askofu. Lakini dadu zikae.

Shangazi yako,
Beldina

Nimeandika "mmoja mmoja" hapo juu badala ya "moja moja." Ni makusudi, nione kama unasoma.


Nyamasaria,
2 Julai 2025

Kwa Waya,

Niliona. Nikanyamaza kwa heshima.

Hatujakosana, mimi na Lornah. Naomba tusiseme zaidi.

Nimefurahi kwamba umesikia. Awuor aliniambia amemchagua bibi kizee kwa sababu "yeye hawezi kuogopa mtu." Nadhani ni sifa.

Lakini nataka kukuandaa. Hadithi imefika kwenye lango la kisiwa. Mlinzi wa lango hataki majina ya kutungwa. Kila mmoja lazima avue yule mtu wake, aseme jina lake halisi, ndipo lango lifunguke. Si mimi niliyeweka hilo. Ni Awuor mwenyewe aliyeandika kwenye kundi letu la simu: "Anko, tuweke mahali pa kusema majina." Wenzake wakakubali. Nilimuuliza faraghani kama ana hakika. Akanitumia picha ya mamba.

Jumamosi ijayo ni zamu ya Huzaifa, Safa na Ochieng, na inayofuata ni yake. Tafadhali, Waya, siku hiyo chagua mchele mahali pengine.

Walter


Nyamasaria,
4 Agosti 2025

Kwa Waya Beldina,

Salamu. Huku tu wazima. Sijapata barua yako, na Mathews anasema hukumpa kitu chochote. Awuor hajaingia darasani tangu siku ile ya lango. Simu haipatikani. Huzaifa ananiuliza kila Jumamosi kama mtandao wa Asembo umeharibika, nami najibu kwamba sijui.

Kila mtu huko mzima?

Walter


Asembo Bay,
16 Agosti 2025

Mpendwa Walter,

Sisi ni wazima. Mvua haijanyesha. Bei ya samaki imepanda. Muungano wa Akina Mama tumenunua vitambaa vipya vya kichwa, rangi ya samawati, lakini fundi amevishona vidogo utadhani anatushonea wanasesere. Mbuzi amezaa mapacha. Choo kimepata mlango mpya. Ng'ombe wa jirani sasa amefungwa.

Awuor ana kazi nyingi za shule.

Msalimie Lornah popote alipo.

Beldina


Nyamasaria,
25 Agosti 2025

Waya,

Nimefurahi kwa mapacha wa mbuzi na mlango wa choo.

Niruhusu sasa niseme wazi, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba insha isiyo na kiini ni karatasi iliyochafuliwa. Nilikuwepo siku ile. Mlinzi aliuliza, "Wewe unayebaki, jina lako nani?" Awuor akafungua kipaza sauti. Tukasikia anaanza. Ile herufi ya kwanza ilikaa, ikakaa. Tukangoja. Ochieng alifunika skrini yake ili asimtazame, na Huzaifa akasema polepole, "Tulieni, maze, ako kwa jina. Anafika." Na alikuwa anafika, Waya. Nilisikia pumzi yake imeshuka.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kubwa, ya mwalimu: "Awuor! Anaitwa Awuor, jamani!"

Sauti yako naijua. Darasa zima liliijua, kwa sababu walikuwa wameisikia ikigombeza mamba.

Kwa sheria yetu lango lilifungwa. Ningeweza kulifungua, mimi ndiye msimulizi, lakini wao wenyewe walikataa. Wangeona kama wanamhurumia. Kwa hiyo wako nje ya lango mpaka leo, wote wanne, na hawataki kuanza hadithi nyingine. Wanamngoja.

Sikulaumu. Najua ulichosikia wewe: mtoto wako anazama, na kamba iko mkononi mwako. Nani asingeitupa? Lakini niambie yuko vipi kweli. Si bei ya samaki.

Walter


Asembo Bay,
21 Septemba 2025

Mpendwa Walter,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuandika. Mathews hana kosa, wala pikapu.

Siku ile Awuor aliingia ndani, akanipa simu mkononi, akasema neno moja, nalo lilitoka bila kukwama: "Chukua." Tangu hapo ananijibu kwa kichwa. Anapika, anafua, anakwenda shule, anaitika kwa kichwa. Nyumba imekuwa na ukimya ambao hata kuku wameusikia. Niliumia, na nilikasirika nawe, halafu nikakasirika na ile dadu, halafu nikakosa wa kumkasirikia.

Jumamosi iliyopita Mzee Ondiek alimwoza mjukuu wake. Unamkumbuka, yule mwenye mashua nyingi, aliyepatwa na kiharusi mwaka jana. Mdomo wake umekuwa mzito upande mmoja, na nyumbani kwake sasa kila mtu humsemea. Akitaka chai, wanasema "anataka maji." Akisema "hapana," wanaleta maji.

Baada ya chakula cha mchana mpiga nyatiti alianza kucharaza nyuzi, na watu wakaanza kujisifu, ile pakruok yetu. Wewe umekaa mjini, nikukumbushe: mtu akitaka kujisifu, au kumsifu rafiki, anausimamisha muziki. Anaweka chochote mbele ya mpigaji, anainua mkono, nyuzi zinanyamaza, na hapo uwanja ni wake. Vitabuni nilikuwa nafundisha kwa jina la majigambo, lakini majigambo ya vitabuni hayana muziki wa kusimamisha.

Mzee Ondiek akainua mkono ule unaofanya kazi. Nyatiti ikanyamaza. Akaanza, "Mimi..." na hapo akakaa. Walter, alikaa muda mrefu. Mate yalimtoka kidogo. Watu walikuwa wengi, na watoto wake wote wanaomsemea kila siku walikuwa pale. Hakuna aliyefungua mdomo. Si kwa huruma, bali kwa sababu haiwezekani! Aliyeusimamisha muziki ndiye mwenye muziki mpaka amalize. Ukimkatiza umeharibu sherehe. Wakangoja kama wanaongoja kitu kitamu. Mwishowe akasema, neno moja moja, "Mimi Ondiek... ambaye ziwa... lilimtema... likasema... huyu ana mifupa mingi." Watu walipiga vigelegele mpaka hema likatikisika, na nyatiti ikarudi.

Awuor alikuwa ameketi kando yangu. Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama mimi, si yule mzee. Nikajua anachofikiri. Nikajua pia kwamba nisimmalizie.

Tukiwa njiani nikamwambia, "Nilikukatiza muziki." Nikaishia hapo. Ilinigharimu kuishia hapo, maana nilikuwa na maelezo mengi mazuri. Tulitembea mpaka kwenye duka la mahindi ndipo akasema, "N-n-ndiyo, Dani." Amekuwa akiniita Dani, yaani nyanya, tangu alipoanza kusema, lakini siku hiyo nililisikia kama jina jipya.

Simu nimemrudishia. Waambie hao watoto kwamba ile sheria yao ni nzuri lakini ina upungufu. Inawaambia wengine wanyamaze. Haimwambii msemaji kwamba uwanja ni wake. Mfundisheni mtu kuinua mkono na kuusimamisha muziki. Anayesimamisha hangojwi kama mgonjwa, anangojwa kama bwana arusi.

Shangazi yako,
Beldina


Nyamasaria,
12 Oktoba 2025

Kwa Waya wangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na mara hii "sote" ina maana yake, nitafika.

Niliwasomea barua yako, ila si yote. Awuor ndiye aliyefungua simu kwanza siku hiyo, kabla hata sijafungua yangu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Huzaifa alisema tu, "Mwalimu Mkuu wa Mamba ako ndani, sasa tuanze kazi."

Tulipanga hivi. Sasa darasa lina muziki. Ochieng ana kinanda kidogo cha betri, anakigusa polepole wakati hadithi inaendelea, na kwa ile mikono yake hakuna anayejua noti ipi inakuja, ndiyo raha yake. Mtu akitaka uwanja, anainua kiganja mbele ya kamera. Safa alichagua kiganja kwa sababu anakiona. Huzaifa, asiyekiona, anasikia kinanda kikinyamaza. Kwa hiyo hakuna anayekosa. Sikufikiria hilo mimi, Waya, lilijipanga lenyewe.

Mlinzi akauliza tena. Awuor akainua kiganja, na kinanda kikanyamaza. Alianza mbali na jina. Akajisifu kwanza, polepole, akalizunguka jina kama mtu anayezunguka boma akitafuta mlango, kisha akaingia. Lilikwama mlangoni. Alibaki nalo. Likatoka. Lango la kisiwa likafunguka, na Safa akaandika herufi kubwa tupu zisizo na maana, ukurasa mzima.

Sijui kama itawezekana kanisani. Mbele yetu alikuwa na watu wanne wanaojua. Kanisa ni watu mia kadhaa wasiojua. Ameniambia jambo kuhusu siku hiyo, lakini alisema ni lake, kwa hiyo nalinyamazia.

Sasa la kwangu. Hatukukosana, Lornah na mimi. Ana mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza zilitoka, na wewe hukujua kwa sababu hatukuweza kulitamka. Daktari alisema alale, apumzike, na mama yake ndiye anayemtunza Ahero. Kila ulipouliza nilifungua mdomo nikakuta hakuna neno. Nadhani nami nilikuwa mlangoni kwa muda mrefu. Mtoto anacheza vizuri. Naogopa, na nina furaha, na leo nimeweza kuandika yote mawili kwenye mstari mmoja.

Mtoto wako,
Walter


Asembo Bay,
1 Desemba 2025

Mpendwa Walter, na wewe Lornah, maana najua atakusomea,

Salamu zangu ziwafikie nyote, na yule mdogo ambaye bado hajui kwamba ana nyanya mwenye kelele. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikuwa nimekwambia ukaombe msamaha na sukari! Lornah, nisamehe mwanangu. Sitauliza tena. Mkiwa na la kusema mtasema, nami nitakuwepo.

Jana ilikuwa kipaimara.

Wiki iliyotangulia nilimuuliza Awuor kama bado anataka nisimame naye. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamuuliza kama nimwambie kasisi. Akasema atamwambia mwenyewe, na mimi, kwa ujinga wangu wa kutii kupita kiasi, nikaacha. Hakumwambia. Kwa hiyo kasisi alikuja kanisani akijua mimi ndiye msemaji.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto walipiga magoti kwa mstari, kwaya ikiimba kwa sauti ya chini, na askofu akipita mmoja baada ya mwingine. "Jina lako nani?" Ochuka. Wekelea mikono. "Jina lako nani?" Lilian. Wekelea mikono. Mimi nilikuwa benchi la pili na kitambaa changu kidogo cha samawati kikinibana kichwa.

Akafika kwake. "Jina lako nani, binti yangu?"

Nikaona mabega yake yanapanda. Nilijua ile herufi iko wapi kooni, naijua kuliko yeye. Hakuna kilichotoka. Kasisi akageuka akanitazama mimi. Benchi lote likanitazama. Mama Adongo akanisukuma kwa kiwiko, "Mwalimu, si umwambie?"

Walter, jina lilikuwa limekaa juu ya ulimi wangu kama peremende. Nilivua kile kitambaa kichwani, mbele ya Bwana na Muungano wote, nikakiweka mdomoni nikauma.

Ndipo Awuor akainua kiganja. Hakukielekeza kwa askofu. Alikielekeza kwa kwaya.

Na kwaya ikanyamaza! Ni watoto wa Asembo wale, wamekulia arusini. Mkono ukiinuka, muziki unasimama, hawakuhitaji kufikiri. Askofu si mtu wa huku, alikuwa na mikono hewani tayari kumbariki na akataka kuishusha, lakini mzee mmoja nyuma akasema kwa upole, "Ngoja, Baba Askofu. Huyo amesimamisha." Ilikuwa sauti nzito ya upande mmoja. Hukosi kumjua.

Alisema kwa Kijaluo, nakuandikia kwa Kiswahili. "Mimi mjukuu wa Beldina, ambaye hata mamba humwamkia. Mimi binti wa Asembo, niliyefungua lango la kisiwa kinachotembea. Mimi rafiki wa Huzaifa anayeona kwa kidole, na Safa anayesikia kwa macho, na Ochieng anayepiga kinanda kisichotabirika. Mimi ndiye..."

Hapo akakaa. Alikaa, Walter. Mtoto alilia nje akanyamazishwa. Nami nilikuwa natafuna nguo ya kanisa. Lakini safari hii sikuona mtoto anayezama. Niliona mtu mwenye uwanja wake.

"...Awuor."

Sitaeleza vigelegele. Fundi aliyevishona vile vitambaa vidogo angefurahi, maana vilirushwa hewani vyote. Askofu alicheka mpaka akapangusa macho, akaweka mikono juu ya kichwa chake na kulitamka jina lile polepole, kama mtu aliyekabidhiwa kitu.

Tuliporudi nyumbani alikaa nyuma ya jiko, nami nikakaa naye. Aliniambia jambo lingine, kuhusu anachotaka kufanya mwakani na ninyi wote katika hilo darasa. Lilimchukua muda kulisema, na chai yangu ilipoa, na sikuiona ikipoa. Najua unataka kujua ni nini. Ningeweza kukuandikia hapa kwa mstari mmoja, na kwa sarufi nzuri kuliko yake.

Lakini ni neno lake. Ngoja Jumamosi, atainua mkono.

Shangazi yako,
Beldina